Bwana Stuhlinger na Roketi ya Umeme



Mwaka 1970 Sista mmoja aliyekuwa akihudumia watoto wenye njaa huko Kabwe, katika nchi ya Zambia, alishika kalamu akamwandikia barua mtaalamu mmoja wa Marekani. Sista huyo aliitwa Mary Jucunda. Mtaalamu aliyeandikiwa alikuwa mmoja wa wakubwa wa kituo cha roketi kilichoko mji wa Huntsville, na Sista alikuwa amepata habari kwamba watu wa kituo kile, baada ya kumfikisha binadamu Mwezini, walikuwa sasa wakifikiri safari ya kwenda sayari ya Mirihi. Swali lake lilikuwa fupi. Yawezekanaje, aliuliza, mtu afikiri kutumia mali nyingi namna ile kwa safari ya mbinguni, na huku duniani watoto wanakufa kwa kukosa chakula?

Kabwe si mbali nasi. Reli ipitayo pale ndiyo ile ile ipandayo hadi Sakania na Lubumbashi, na njaa aliyoiona Sista huyo si jambo ambalo Mkongomani anahitaji kuelezwa. Twajua ya kuwa wengi wenu, hasa ninyi wanafunzi wa sekondari, mmekwisha kuuliza swali hilo hilo mliposikia habari za roketi. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza leo juu ya mtu aliyeipokea barua ile. Jina lake Ernst Stuhlinger. Mkuu wake, Wernher von Braun, amesifiwa katika magazeti ya dunia nzima; Stuhlinger ni wachache wamjuao. Lakini jibu alilompa Sista haliwezi kupimwa sawasawa na mtu asiyejua alikotoka, wala kazi aliyoifanya.

Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1913 katika kijiji cha Niederrimbach, upande wa kusini wa Ujerumani. Alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Tübingen, akapata cheo cha udaktari wa elimu hiyo mwaka 1936, kabla ya kutimiza miaka 23. Wakati ule hakuwa na shughuli yoyote na roketi. Mwalimu wake alikuwa Hans Geiger, ambaye jina lake limebaki katika chombo kile kidogo kinachotoa sauti ya tik-tik kila kinapopitiwa na miali isiyoonekana kwa macho. Kazi ya kijana Stuhlinger ilikuwa kuchunguza miali inayotujia kutoka mbali sana angani, ambayo hupita katika miili yetu mchana na usiku pasipo sisi kujua. Geiger alipohamia Berlin, Stuhlinger alikwenda naye kufanya kazi huko. Tunawaomba mkikumbuke chombo hicho cha Geiger, maana tutakutana nacho tena mbele.

Kisha vita vilikuja. Mwaka 1941 daktari huyu wa fizikia aliingizwa jeshini kama askari wa kawaida asiye na cheo, akapelekwa Urusi. Alijeruhiwa katika mapigano ya Moscow, akapona, akajikuta tena katika mapigano ya Stalingrad, naye akawa mmoja wa wachache waliotoka huko wakitembea kwa miguu katika theluji. Mwaka 1943 aliitwa aondoke vitani aende Peenemünde, mahali palipo kando ya bahari ya Baltiki, ambapo von Braun na wenzake walikuwa wakitengeneza roketi kubwa. Kazi aliyopewa ilihusu vyombo vya kuiongoza roketi isipotee njia.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwa maana wapo waandishi wanaopita mahali hapa mbio mbio. Roketi ile iliitwa V-2. Urefu wake ulikuwa mita 14, nayo ilibeba kichwani mzigo wa kulipuka wa karibu tani 1. Ilishuka upesi kuliko sauti, hata aliyepigwa nayo hakuisikia ikija. Mji ulioangukiwa na V-2 nyingi kuliko miji yote ni Antwerp, ile bandari ya Ubelgiji ambako meli zilizotoka Kongo zilikuwa zikishusha mawese, pamba na shaba yetu. Tarehe 16 Desemba 1944 roketi moja iliangukia nyumba ya sinema iitwayo Rex, ikaua watu 567 kwa mara moja. Tena roketi hizo ziliundwa ndani ya mlima, katika mahandaki yaliyo karibu na mji wa Nordhausen, na walioziunda walikuwa wafungwa wa kambi ya Dora. Katika wafungwa wapatao 60,000 waliopita katika kambi hiyo na matawi yake, karibu 20,000 walikufa kwa njaa, kwa magonjwa, kwa kupigwa na kwa kunyongwa.

Bwana Stuhlinger alifanya kazi Peenemünde, si Dora. Lakini mwaka 1994, yeye na mwenziwe Frederick Ordway walitoa kitabu juu ya maisha ya von Braun, na humo alimtetea sana mkuu wake wa zamani. Wanahistoria wengi hawakuukubali utetezi huo, na sisi twaona kwamba wana haki. Mtu aweza kuwa mpole, tena mwenye elimu nyingi, na bado kazi ya mikono yake ikawa imepita katika damu ya wengine. Anayeisoma barua ya mwaka 1970 bila kulijua jambo hili anasoma nusu tu.

Vita vilipokwisha, Wamarekani waliwachukua wataalamu wa Peenemünde zaidi ya mia moja wakawapeleka kwao. Stuhlinger alifika Fort Bliss, katika jimbo la Texas, mwaka 1946. Mwaka 1950 kundi lao lote lilihamishiwa Huntsville, katika jimbo la Alabama, mji mdogo uliojulikana wakati ule kwa pamba. Mwaka 1955 alipewa uraia wa Marekani.

Jina lake lilianza kutajwa mwaka 1958. Warusi walikuwa wamerusha Sputnik, setilaiti ya kwanza, tarehe 4 Oktoba 1957, na Wamarekani walikuwa na haya na haraka. Mwezi Desemba roketi yao ya kwanza ya kujaribu kuwafuata iliungua palepale ilipoinuka. Ndipo kundi la von Braun lilipopewa ruhusa. Roketi yao ilikuwa na sehemu nne, kila moja juu ya mwenziwe. Sehemu ya chini ilisukuma kwa muda wa dakika mbili na nusu hivi, kisha ikazimika ikaachwa. Zile za juu ziliendelea kupanda bila moto, kama jiwe lililorushwa na mtoto. Jiwe lililorushwa hufika mahali ambapo halipandi tena wala halijaanza kushuka. Ni kitambo kidogo tu. Katika kitambo hicho ndipo moto wa sehemu za juu ulipaswa kuwashwa. Ukiwashwa mapema au ukichelewa, setilaiti isingeingia katika njia yake ya kuizunguka dunia, ingeanguka.

Ni nani atakayeijua nukta hiyo, na chombo kiko mamia ya kilomita juu? Kazi hiyo alipewa Bwana Stuhlinger. Aliunda chombo cha kupokea vipimo vya mwendo wa roketi na kukisia saa itakapofika kileleni. Usiku wa tarehe 31 Januari 1958, dakika karibu 7 baada ya roketi kuondoka, alibonyeza kitufe. Moto ukawaka. Setilaiti Explorer 1, yenye uzito wa kilo 14 tu, ikaanza kuizunguka dunia. Tangu siku hiyo wenzake walimtania kwa kumwita mtu mwenye kidole cha dhahabu.

Na ndani ya setilaiti hiyo mlikuwa na nini? Chombo cha Geiger! Kilikuwa kimewekwa na James Van Allen, profesa wa chuo kikuu cha Iowa, ili kuihesabu miali ile ile ambayo Stuhlinger aliichunguza ujanani. Kwa chombo hicho, na kwa kile kilichofuata katika Explorer 3, Van Allen alitambua kwamba dunia yetu imezungukwa na mikanda ya miali mikali iliyonaswa na nguvu ya sumaku ya dunia. Huo ulikuwa uvumbuzi wa kwanza mkubwa kuletwa na setilaiti. Geiger mwenyewe hakuuona, maana alikufa mwaka 1945.

Hata hivyo moyo wa Bwana Stuhlinger ulikuwa umekwisha kushikwa na jambo jingine, ambalo wengi wa wakati wake waliliona kuwa ndoto tu.

Ili mlielewe, fikirini mvuvi aliyesimama ndani ya mtumbwi mdogo katikati ya ziwa Tanganyika. Makasia yake yamepotea, wala hana tanga. Lakini mtumbwini mna kikapu cha mawe. Akirusha jiwe nyuma, mtumbwi huenda mbele kidogo; akirusha la pili, huenda tena. Ndivyo roketi iendavyo: hutupa kitu nyuma ili yenyewe iende mbele. Haihitaji hewa ya kusukumana nayo, kwa hiyo huweza kwenda hata mahali pasipo na hewa. Sasa, kikapu kina mawe machache. Mvuvi afanyeje ili afike mbali kwa mawe hayo machache? Jibu ni moja: ayarushe kwa nguvu zaidi. Jiwe lililorushwa kwa mwendo wa mara kumi husukuma mtumbwi mara kumi zaidi.

Roketi za kawaida huchoma mafuta, na moshi wa moto hutoka nyuma kwa mwendo wa kilomita 3 hadi 4 na nusu kwa kila nukta. Ni mwendo mkubwa sana, lakini moto una kikomo chake. Mafuta hayawezi kutoa nguvu isiyokuwamo ndani yake. Kwa hiyo roketi iendayo mbali yapasa kubeba milima ya mafuta. Ile Saturn V iliyowapeleka watu Mwezini ilimaliza zaidi ya tani 2,000 katika dakika mbili na nusu za kwanza. Mwaka 1929 Hermann Oberth, aliyekuwa mwalimu wa wataalamu wote wa roketi wa Ujerumani, aliandika kwamba huenda siku moja umeme utafanya kazi hiyo badala ya moto. Mwaka 1947, huko Fort Bliss, ambako Wajerumani wale hawakuwa na kazi nyingi, von Braun alimhimiza Stuhlinger alichunguze wazo hilo kwa hesabu. Alilichunguza, wala hakuliacha tena. Mwaka 1954 alilieleza mbele ya wataalamu wa mataifa waliokutana Innsbruck, katika Austria.

Njia yake ilikuwa hii. Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi, na kila atomi ina ndani yake umeme wa namna mbili uliosawazika, hata kwa nje haionekani kuwa na umeme. Lakini ukiinyang'anya sehemu ndogo iitwayo elektroni, usawa huo huvunjika, na atomi hubaki na umeme. Nayo sasa huitwa ioni. Kitu chenye umeme huweza kuvutwa kwa umeme. Bwana Stuhlinger alipendelea seziamu, madini laini ambayo huyeyuka kwa joto kama la kiganja cha mkono. Mvuke wake ukipita juu ya bamba la chuma lililo moto sana, huacha elektroni zake hapo na kuwa ioni. Mbele yake huwekwa wavu wenye umeme mkali. Ioni huvutwa, hupenya katika matundu ya wavu, na kutoka nje kwa mwendo wa kilomita 30 kwa nukta au hata zaidi. Kisha elektroni zilizonyang'anywa hurudishwa katika mkondo huo nje ya chombo. Zisiporudishwa, chombo chenyewe kitajaa umeme wa namna moja na kuzivuta ioni zirudi, na safari itakwisha kabla ya kuanza.

Sasa udhaifu wake. Msukumo wa injini hiyo ni mdogo kiasi cha kuchekesha. Mwanafunzi, weka karatasi moja ya daftari juu ya kiganja chako: uzito uusikiao ndio nguvu ya injini ya ioni. Haiwezi kuinua chombo kutoka ardhini. Haiwezi hata kuinua panya. Ni lazima roketi ya moto ikipeleke chombo juu kwanza. Lakini huko juu hakuna hewa ya kukizuia wala matope ya kukikwamisha, na kila msukumo unaoongezwa haupotei. Roketi ya moto hulipuka kwa dakika chache kisha hunyamaza. Hii ya umeme husukuma leo, kesho, mwezi ujao na mwaka ujao. Haba na haba, walisema wazee wa pwani, nao hawakuwa wakizungumza juu ya roketi.

Bwana Stuhlinger aliendelea mpaka kuchora meli nzima za kwenda Mirihi. Umeme wake ungetoka katika tanuru ya atomi, na kwa kuwa katika anga tupu hakuna upepo wa kupoza mtambo, alizipa meli zake bamba kubwa la mviringo la kutawanyia joto, hata zikafanana na mwavuli uliofunguliwa. Watu wengi waliziona meli hizo mwaka 1957 katika filamu ya kampuni ya Walt Disney juu ya Mirihi. Mwaka 1964 alitoa kitabu kizima juu ya mwendo wa ioni, ambacho wataalamu waliokuja baadaye walijifunzia.

Mwaka huo huo wa 1964, tarehe 20 Julai, injini za namna hiyo zilijaribiwa angani kwa mara ya kwanza, katika chombo kilichoitwa SERT 1. Zilikuwa mbili. Moja ilitumia seziamu, kwa njia ile ambayo Bwana Stuhlinger aliipendelea. Hiyo haikuwaka, kwa sababu umeme wake ulipotea njiani. Ya pili ilikuwa ya Harold Kaufman, mtaalamu wa Cleveland, nayo ilitumia zebaki, ikizigonga atomi kwa elektroni badala ya kuzipitisha juu ya bamba la moto. Hiyo ilifanya kazi kwa dakika 31. Basi wazo lilithibitishwa, lakini kwa njia ya mtu mwingine. Mambo kama hayo hutokea mara nyingi katika uchunguzi, ingawa vitabu vya shule havipendi kuyasimulia. Bwana Stuhlinger wakati huo alikuwa mkuu wa maabara ya elimu ya anga katika kituo cha Marshall, kule kule Huntsville, na mwaka 1968 aliwekwa kuwa msaidizi wa mkuu wa kituo kwa mambo ya elimu. Hicho ndicho cheo alichokuwa nacho barua ya kutoka Kabwe ilipofika.

Angeweza kumwachia karani aijibu. Yeye alikaa akaandika jibu refu, lenye tarehe 6 Mei 1970. Alianza kwa kumshukuru Sista na kueleza jinsi anavyowaheshimu yeye na wenzake wanaotoa maisha yao kwa ajili ya wanaoteseka. Kisha alimsimulia habari za mtawala mmoja wa mji mdogo wa Ujerumani, miaka 400 iliyopita, aliyewagawia maskini sehemu kubwa ya mapato yake. Mtawala huyo alimpokea nyumbani mwake mtu aliyekuwa akisugua vipande vya vioo ili vitu vidogo vionekane vikubwa. Raia walinung'unika: tauni inatuua, nawe wampa fedha mtu wa kuchezea vioo! Yeye akawajibu kwamba ataendelea kuwasaidia kadiri awezavyo, lakini mtu huyu pia hatamfukuza. Na kutoka katika vioo vile, asema Bwana Stuhlinger, ilitokea hadubini, ambayo iliisaidia elimu ya uganga kuyashinda magonjwa kama tauni. Wenye kuandika historia husimulia mwanzo wa hadubini kwa majina mengine, ya mafundi wa miwani wa Uholanzi. Sisi twaichukua hadithi hii kama mfano tu.

Baada ya mfano aliingia katika hesabu. Mmarekani mwenye mapato ya dolari 10,000 kwa mwaka alikuwa akitoa kama dolari 30 za kodi yake kwa mambo ya anga. Akamwambia Sista waziwazi jambo ambalo wakubwa wengi hawapendi kulisema: fedha hizo zikikatwa katika anga, hazitakwenda kwa wenye njaa, kwa sababu serikali hazigawi mali namna hiyo. Tena alisema njaa ina pande mbili, kulima chakula na kukigawa, na kwamba setilaiti zinazoitazama nchi kutoka juu zitaweza kuonyesha hali ya mazao, udongo na ukame katika nchi kubwa kwa muda mfupi. Mwishoni alitia ndani ya bahasha picha ya dunia, ile iliyopigwa Noeli ya mwaka 1968 na watu waliouzunguka Mwezi, ambayo dunia yetu yaonekana ndogo na ya buluu katika giza. Akafunga kwa maneno ya Albert Schweitzer, yule mganga wa Lambaréné, katika Gabon.

Miaka mingi imepita, nasi twaweza kulipima jibu hilo kwa mambo yaliyotokea. Katika habari ya fedha alisema kweli. Safari za Mwezini zilikoma Desemba 1972, na bajeti ya roketi ilikuwa imekwisha kupunguzwa sana. Lakini katika miaka ile ile njaa kubwa iliwashika watu wa Saheli, wala dolari za Mwezini hazikuonekana huko zikinunua mtama. Katika habari ya setilaiti pia alisema kweli. Ya kwanza ya kuchunguza nchi kavu, iliyoitwa baadaye Landsat, ilirushwa tarehe 23 Julai 1972. Baada ya njaa ya Ethiopia, Wamarekani walianzisha mwaka 1985 ofisi ya kutoa onyo la njaa mapema, ikitumia picha za setilaiti kuona mahali ambapo mimea inakauka. Na sisi wenyewe twakumbuka mwezi Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka: vipimo vya setilaiti, pamoja na vile vya matetemeko, viliwaonyesha wataalamu kwamba moto wa chini ulikuwa umepenya mpaka chini ya mji wa Goma kuelekea ziwa Kivu, jambo ambalo jicho la mtu lisingeliona.

Lakini kuona si kulisha. Mwaka 2010 maonyo juu ya Somalia yalikwisha kutolewa. Mvua ilishindwa, setilaiti zilionyesha, karatasi ziliandikwa. Msaada mkubwa ulikuja tu baada ya baa la njaa kutangazwa Julai 2011, na watu karibu 260,000 walikuwa wamekufa au wangekufa kabla halijaisha. Zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Chombo kilifanya kazi yake. Waliokipokea onyo hawakufanya yao. Hapo ndipo swali la Sista linapobaki na uzito wake, wala twaona si haki kumwambia kwamba lilikwisha kujibiwa mwaka 1970. Alilijibu mtaalamu kwa sehemu iliyomhusu. Sehemu nyingine haikuwa ya wataalamu wa roketi, nayo ndiyo kubwa.

Bwana Stuhlinger alistaafu mwaka 1975, akaendelea kufundisha katika chuo kikuu cha Alabama mjini Huntsville. Kwa kupita, tuwakumbushe wasomaji wa Katanga kwamba mwenzake mmoja wa Peenemünde, Kurt Debus, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa OTRAG, kampuni ile ya Wajerumani iliyopewa na serikali ya Mobutu eneo la kilomita za mraba 100,000 katika Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Roketi zilirushwa huko mwaka 1977 na 1978, na ya tatu ilianguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Mwaka 1979 kampuni ilifukuzwa. Mwanakijiji wa huko aweza kujiuliza alibakiwa na nini.

Injini ya umeme ilingoja sana. Seziamu na zebaki ziliachwa, ikachukuliwa hewa iitwayo zenoni, isiyo na sumu wala ukali. Tarehe 24 Oktoba 1998 Wamarekani walirusha chombo Deep Space 1, ambacho kilikuwa cha kwanza kusafiri kati ya sayari kikisukumwa hasa na injini ya ioni. Kilibeba kilo 81 tu za zenoni, na injini yake ilifanya kazi kwa saa zaidi ya 16,000. Tangu mkutano wa Innsbruck ilikuwa imepita miaka 44, na Bwana Stuhlinger alikuwa mzee wa miaka 84.

Alipata kuona pia mwanzo wa safari iliyo kubwa zaidi. Tarehe 27 Septemba 2007 kiliondoka chombo Dawn, chenye kilo 425 za zenoni na mabawa ya kupokea jua yenye urefu wa karibu mita 20 kutoka ncha hadi ncha. Injini yake ilihitaji siku 4 nzima kukiongezea mwendo ambao motokaa nzuri huupata kwa nukta chache. Tarehe 25 Mei 2008, Dawn ikiwa bado njiani kuelekea Mirihi, Ernst Stuhlinger alifariki huko Huntsville akiwa na miaka 94.

Dawn haikusimama Mirihi. Ilipita, ikaendelea kusukumwa polepole mpaka mwezi Julai 2011 ilipofika Vesta, dunia ndogo ya mawe yenye upana wa kilomita 500 na kitu. Iliizunguka kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kisha ilifanya jambo ambalo hakuna chombo kilichokuwa kimelifanya: ilijitoa katika mvuto wa Vesta, ikasafiri miaka miwili na nusu, na mwezi Machi 2015 ikaanza kuizunguka dunia nyingine, Ceres, ambako iliona ndani ya shimo kubwa madoa meupe ya chumvi iliyotoka chini pamoja na maji. Kwa roketi ya moto safari hiyo isingewezekana kwa chombo cha ukubwa huo. Jumla ya muda ambao injini zake zilisukuma ni zaidi ya miaka 5. Mwaka 2018 mafuta ya kukigeuza chombo yalikwisha, kikashindwa kuuelekeza uso wake duniani, na sauti yake ikakoma. Kingali kikiizunguka Ceres.